Hewa ya Kabatini

Tone la kwanza liliniangukia kipara asubuhi moja ya mwisho wa Januari 2024, nikinyoa ndevu katika bafu la mwanangu mjini Edmonton, Kanada. Nikadhani ni mvuke wa maji ya moto. La pili likaniangukia bega, la tatu likaingia ndani ya kikombe cha sabuni. Nikatazama juu. Dari nyeupe ilikuwa imepata doa la rangi ya chai, ukubwa wa sahani, na katikati ya doa maji yalikuwa yakijikusanya taratibu, kama mtoto anayesitasita kuruka mtoni.

Kwetu Urambo maji yakipita darini maana yake ni moja: bati limetoboka na mvua inanyesha. Lakini tangu nifike mwezi wa Novemba sikuwa nimeona mvua, nimeona theluji tu, na paa la nyumba ile lilikuwa zima. Wiki mbili na nusu nyuma yake, tarehe 13 Januari, baridi ilikuwa imepita nyuzi 40 chini ya sifuri. Jioni ile simu zote za nyumbani zililia kwa pamoja kama kengele ya moto. Serikali ya jimbo la Alberta iliwaomba wananchi wapunguze matumizi ya umeme mara moja, kwa sababu mitambo ilikuwa karibu kuzidiwa. Mwanangu alizunguka nyumba nzima akizima taa. Kisha akapanda ghorofani, akaingia katika kile chumba kilichokuwa kikifungwa kwa ufunguo siku zote, akakaa humo muda mrefu. Sikuuliza. Mzee aliyealikwa haulizi funguo za mwenyeji.

Halafu mwisho wa mwezi joto likapanda ghafula juu ya sifuri, theluji ya barabarani ikageuka tope, na dari ikaanza kutona.

Mwanangu alikuwa kazini, mkamwana naye kazini, mjukuu shuleni. Nina umri wa miaka sabini na kitu, lakini magoti yangu bado yananitii. Nikachukua ngazi, nikaisimamisha ukumbini penye kile kifuniko cha kupandia juu ya dari, nikapanda na tochi mkononi. Nilichokiona kilikuwa kizuri na cha kutisha kwa pamoja. Kila ncha ya msumari iliyotokeza kwenye mbao za paa ilikuwa na ndevu nyeupe za barafu. Mapau yalikuwa yamepakwa umande ulioganda, mnene kama chokaa, nao ulikuwa ukiyeyuka na kudondokea ile sufi ya kuzuia baridi. Katikati ya sufi lilichomoza bomba la rangi ya fedha, unene wa paja la mtu, likitema hewa ya vuguvugu.

Nikasogeza pua. Harufu ile naijua. Mkuu yeyote aliyewahi kuongoza shule ya bweni anaijua.

Hapa inanibidi nimrudishe msomaji nyuma kidogo. Mwezi wa Machi 1989 nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari ya wavulana katika Mkoa wa Tabora. Shule haina haja ya kutajwa. Tulikuwa na shamba kubwa la mahindi, kama shule zote za wakati ule zilizolelewa na siasa ya Elimu ya Kujitegemea tangu mwaka 1967, na mimi mwenyewe nilifundisha Kilimo, somo nililosomea chuo cha ualimu. Siku moja nikikagua palizi niliona kwamba katikati ya shamba mahindi ya mistari mitatu yalikuwa yamepukutishwa majani yote ya chini, hadi usawa wa kiuno. Nikajiuliza ni mdudu gani huyu mwenye adabu, anayekula majani ya chini na kuacha ya juu. Nikaingia ndani. Ilikuwa mimea sita ya bangi, imepandwa kwa nafasi sawa, imepaliliwa vizuri kuliko mahindi yenyewe. Majani ya mahindi yalikuwa yameondolewa ili upepo upite chini. Na mimea yenyewe ilikuwa imepunguzwa majani yake ya chini, kwa sababu hiyo hiyo. Nakiri kwamba kabla sijakasirika, mwalimu wa Kilimo ndani yangu alisema kimoyomoyo: huyu kijana amesikiliza darasani.

Tulivizia siku mbili, akakamatwa mvulana wa Kidato cha Tatu. Wenzake walimwita Fundi, kwa sababu alikuwa akitengeneza redio zao. Mimi pia nitamwita hivyo. Nilimuuliza mwenzake ni nani, maana eneo lile lisingeweza kuhudumiwa na mtu mmoja bila kukosekana darasani. Akanyamaza. Nikampa viboko sita mbele ya mstarini, akanyamaza. Bodi ya Shule ikaidhinisha afukuzwe. Baba yake alikuja kumchukua kwa baiskeli, akafunga sanduku la bati la mwanawe kwenye kerea, akaniamkia kwa heshima na kunishukuru kwa kutoliita jeshi la polisi. Wakaondoka kwa miguu, baiskeli katikati yao. Mwanangu mwenyewe alikuwa darasa moja na Fundi. Sikumbuki kama nilimtazama siku ile.

Basi jioni hiyo ya Edmonton nilimngoja mwanangu sebuleni. Akaingia, akavua viatu vya theluji.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kafungue kile chumba."

Hakubisha. Alinitangulia kupanda ngazi kama alivyokuwa akinitangulia kwenda ofisini kwangu miaka thelathini na mitano iliyopita.

Lilikuwa kabati la nguo la ukutani, la kawaida kabisa, upana mita 1.2, kina sentimita 60, urefu mita 2.4. Ndani yake kuta zilikuwa zimebandikwa karatasi nyeupe inayorudisha mwanga. Juu ilining'inia taa bapa ya LED ya wati 200. Chini vyungu vinne, na katika kila chungu mmea mmoja uliokwisha kutoa maua. Karibu na dari kulikuwa na feni ndani ya bomba, ikipeleka hewa juu ya dari. Mlango ulikuwa umezibwa kwa utepe mweusi pande zote nne ili mwanga usipenye.

"Baba, ni minne tu," akasema. "Sheria inaruhusu minne kwa kila nyumba." Akataka kunionyesha kwenye simu.

Sikuhitaji kuonyeshwa, ingawa baadaye nilisoma mwenyewe, maana sipendi kushindwa hoja na mtoto. Ni kweli. Kanada iliruhusu bangi kwa watu wazima nchini kote tarehe 17 Oktoba 2018, na wagonjwa walikuwa wameanza kupewa kibali miaka mingi kabla ya hapo. Kila nyumba inaweza kuwa na mimea isiyozidi minne, haidhuru wakazi ni wangapi. Wakati ninazungumza naye, ni majimbo mawili tu, Quebec na Manitoba, yaliyokataza kuipanda nyumbani. Alberta haikukataza.

Na nisieleweke vibaya. Ninaandika haya nikiwa nyumbani Tanzania, ambako kuna sheria ya mwaka 2015 ya kupambana na dawa za kulevya, na watu wamehukumiwa miaka 30 gerezani kwa mmea huu huu. Simshauri mtu yeyote kupanda bangi hapa, hata mmoja, hata kwenye kopo. Lakini nilikuwa nimesimama mahali ambapo mwanangu hakuwa mhalifu, na kiboko nilichokuwa nacho moyoni hakikuwa na pa kutua. Jambo hilo lilinikasirisha kuliko bangi yenyewe.

Akaniambia kwamba aliumia mgongo ghalani anakofanya kazi, miaka kadhaa iliyopita, kwamba anaitumia usiku ili apate usingizi, na kwamba daktari wake anajua. Mimi si daktari. Nilimwambia tu, "Paa lako linaoza," nikaenda kulala.

Kwa siku tatu hatukusemezana zaidi ya salamu. Lakini mwalimu hastaafu kichwani. Kila nikipita chini ya lile doa la bafuni nilikuwa nikipiga hesabu. Mmea mkubwa kiasi kile hunywa kama lita moja ya maji kwa siku, na karibu maji yote unayoumwagilia mmea hautunzi, unayarudisha hewani kupitia majani. Minne, lita nne. Ndiyo kusema kila baada ya siku tano mwanangu alikuwa akipandisha ndoo nzima ya lita 20 juu ya dari yake kwa njia ya mvuke. Alikuwa amefanya hivyo tangu katikati ya Desemba. Mvuke ukikutana na mbao zenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri hauna ujanja, unaganda hapo hapo. Hata kama nusu yake ilipata upenyo ikatoka nje, zilibaki ndoo nne na zaidi zikining'inia juu ya vichwa vyetu, zikingoja siku ya joto.

Siku ya nne nikamwita. "Njoo na karatasi na penseli," nikamwambia. Alileta. Ana miaka hamsini na mmoja, na alileta na kifutio.

Lakini kabla ya hesabu nilimweleza habari za bani la babu yake. Urambo iliwahi kuwa moja ya sehemu tatu za ule mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya kikoloni, ulioanza 1947 na kufilisika 1951, na karanga ziliposhindikana ardhi ile ikageuzwa ya tumbaku. Baba yangu alilima tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa ndani ya bani kwa joto la moto lisilogusa moshi. Mimi nilikua nikikesha banini. Bani ni nyumba ndefu ya udongo isiyo na dirisha. Moto huwashwa nje, joto hupita ndani ya mabomba ya bati yaliyolazwa sakafuni. Chini ya kuta kuna matundu ya kuingizia hewa, na juu kwenye paa kuna tundu la kuitolea. Kazi yote ya bani, msomaji wangu, iko katika matundu hayo. Siku za kwanza unayafunga karibu yote, ili majani yabaki na unyevu yageuke manjano. Yakishageuka, unafungua kidogo kidogo huku ukiongeza moto, hewa kavu iingie chini, ipite katikati ya majani, ibebe maji itoke nayo juu. Mwishoni unafunga tena ili joto kali likaushe mishipa. Ukichelewa kufungua, majani yanachemka kwa maji yake mwenyewe yanakuwa meusi kama kisamvu kilicholala. Nilipokuwa na miaka kumi na mbili nilisinzia nikachelewa kufungua. Mavuno ya bani zima yaliharibika, na baba hakunipiga. Aliniambia tu: moto kila mtu anauona, hewa haionekani, ndiyo maana ilindwe zaidi.

"Sasa wewe," nikamwambia mwanangu, "una tundu la juu, huna la chini."

Ndilo lilikuwa kosa la kwanza. Feni ilikuwa ikivuta hewa kutoka kwenye sanduku lililozibwa pande zote. Ilipiga kelele kama ng'ombe aliyekabwa, na kilichotoka kilikuwa kidogo. Tukakata matundu mawili sehemu ya chini ya mlango, na kwa jumla upana wake tuliufanya mkubwa kuliko upana wa bomba la kutolea, maana hewa inayoingia bila kusukumwa inahitaji mlango mpana kuliko ile inayovutwa. Ili mwanga usipenye, kila tundu tulilifunika kwa mbao mbili zilizopishana, zilizopakwa rangi nyeusi. Hewa hukata kona, mwanga haukati. Jambo la mwanga si dogo. Mmea ule huchanua pale tu usiku unapokuwa mrefu, na watu wanaoukuza ndani huupa saa 12 za mwanga na saa 12 za giza kamili. Kwetu karibu na Ikweta saa hizo zinatolewa bure mwaka mzima. Edmonton jua la Desemba hudumu saa saba na nusu, la Juni saa kumi na saba, kwa hiyo wao hulazimika kutengeneza Ikweta ndani ya kabati. Nilicheka peke yangu nilipolifikiria hilo.

Kisha hesabu. Upana mara kina mara urefu: 1.2 kwa 0.6 kwa 2.4, unapata mita za ujazo 1.7 na kidogo. Kanuni ya kawaida ni kubadilisha hewa yote mara moja kila dakika taa inapowaka, kwa sababu wati 200 ndani ya nafasi ndogo hivyo ni sawa na kuweka jiko humo. Zidisha kwa dakika 60, unapata kama mita za ujazo 104 kwa saa. Lakini feni iliyoandikwa 104 haitatoa 104. Kila kona ya bomba hula nguvu, na kichujio kinakula zaidi. Tulinunua yenye uwezo karibu mara mbili na kidude cha kupunguza kasi.

Kichujio hicho kilinifurahisha. Ni pipa lililojazwa punje za mkaa. Si mkaa wetu wa jikoni hasa, ni mkaa uliochomwa tena kwa namna maalumu ili uwe na vitundu vingi visivyoonekana, lakini ni mkaa. Hewa inalazimishwa kupita katikati yake, na harufu inanaswa humo. Marehemu mama yangu alikuwa akitumbukiza kipande cha mkaa katika mtungi wa maji ili yasinuke. Nilimwambia mwanangu kwamba amelipa dola nyingi kwa elimu ya bibi yake. Tulilitundika juu kabisa, ambako hewa ya moto inakusanyika, feni ikafuata, kisha bomba.

Na bomba likaenda nje. Si juu ya dari tena. Tulitoboa ukuta wa upande, tukaweka mdomo wenye kifuniko kinachojifunga feni ikisimama, tukalivisha bomba zima koti la sufi ili mvuke usigande ndani yake, na tukaliinamisha kidogo kuelekea nje, ili tone lolote litakalopatikana lisirudi ndani. Hewa ya kuingia tukaichukua chumbani, si nje, kwa kuwa hewa ya nyuzi 30 chini ya sifuri ingeua mimea kwa dakika chache. Taa ikizimwa, feni inapunguzwa kasi lakini haizimwi, kwani kila unachokitoa ni hewa ambayo tanuri la nyumba limekwisha kuigharimia. Mwanangu alitaka izimwe kabisa kuokoa umeme. Hapo nilikataa. Giza likiingia joto linashuka, na hewa ile ile ikipoa, unyevu wake unakuwa mzito kwa majani. Usiku wa tarehe 13 Januari, kwa kuitii serikali, alizima taa na feni pamoja, akasahau feni mpaka kesho yake jioni. Feni yenyewe ilikula wati 30. Ua moja kubwa lilikuwa limeoza kuanzia katikati, ukungu wa kijivu, na nje halionyeshi kitu mpaka ulipasue kwa vidole. Tulilitupa, na mawili ya jirani yake. Baada ya hapo tukatundika kipima unyevu, tukajitahidi sindano isipite 50, na feni ndogo ya mezani ikawekwa pembeni ya kutikisa majani.

Jambo moja zaidi, kwa sababu niliona hatari. Taa, feni mbili na tanuri dogo la umeme vyote vilikuwa vikila kwenye waya mmoja wa kuunganishia, uliolala sakafuni karibu na vyungu. Maji na umeme chumba kimoja, na mtoto analala chumba cha pili. Tuliondoa tanuri, waya tukaupandisha ukutani, na kufuli likabaki mlangoni.

Kazi ilipoisha nilichukua kipande cha karatasi laini ya chooni, nikakishika mbele ya tundu la chini. Kikavutwa, kikalala kuelekea ndani. Nikakipitisha kwenye ufa wa mlango, nao ukakivuta. Maana yake kabati lilikuwa likivuta pumzi pande zote na kutolea mahali pamoja tu, kwa hiyo harufu haina njia ya kutoroka. Nilifurahi, sifichi. Nilifurahi kama siku ambayo jenereta la shule liliwaka.

Ni hapo, katika furaha hiyo, nilipoinama nikaitazama mimea yenyewe kwa mara ya kwanza bila hasira. Yote ilikuwa imepunguzwa majani ya chini, safi, hadi theluthi ya kimo. Upepo wa feni ulikuwa ukipita chini yake bila kizuizi.

"Nani alikufundisha kupunguza hivi?" nikamuuliza.

Alikuwa akikaza skrubu ya mwisho ya bomba. Mkono ukasimama.

"Wewe, Baba. Kidato cha Pili. Ulitufundishia kwenye nyanya."

Nikasema ni kweli. Nikakaa kimya. Yeye pia. Feni tu ndiyo iliyosema. Halafu, bila kugeuka, akasema, "Ile ya shambani ilikuwa yetu wawili. Mbegu nilileta mimi."

Nimesimamia mitihani mingi, nimesikia maungamo mengi, ya wavulana waliolia na waliojifanya kulia. Sikuwa na sauti.

"Kwa nini hakukutaja?" nikauliza baadaye.

"Nilimwambia anitaje. Alikataa. Alisema, mimi nikifukuzwa nitafukuzwa shule tu. Wewe baba yako atakufukuza shule na nyumbani."

Nilimwomba bisibisi, nikamalizia ile skrubu mwenyewe. Kwa muda mrefu nilijiuliza kama Fundi alikuwa amenipima sawasawa. Mwaka 1989, na cheo kile, na macho ya walimu wengine juu yangu. Nadhani alikuwa amenipima sawasawa.

Nilirudi nyumbani mwezi wa Aprili. Kabla ya safari mkamwana alifua koti langu mara mbili, kwa ombi langu, na bado niliposimama foleni ya uwanja wa ndege, penye mabango yanayosema ni kosa kuitoa bangi nje ya Kanada, nilikuwa nikijinusa mikono kama mwizi wa samaki. Kila mbwa niliyemwona nilimwona ananitazama mimi.

Mwezi wa Juni nikapata habari za Fundi kwa mwanafunzi wangu mwingine. Nikapanda basi. Ana karakana ya bati kando ya barabara, mwendo wa saa chache kutoka kwangu, anatengeneza makarai, ndoo, na mabomba ya mabani. Nywele zake ni nyeupe kuliko zangu. Alinitambua kabla sijasimama vizuri. Akafuta mikono kwenye aproni, akainama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Akanitolea kigoda, akamtuma kijana soda. Tukazungumza mvua, bei ya tumbaku, watoto wake watano, mmoja anasoma chuo cha ualimu. Nilikuwa nimeyapanga maneno ndani ya basi, nimeyapanga kama hotuba ya mahafali, lakini kila nilipofungua mdomo alikuwa akimwelekeza kijana wake mahali pa kugonga. Alikuwa akiunga kiwiko cha bomba. Nikamuuliza kwa nini ameongeza upana pale kwenye kona. Akanieleza kwamba kona hula nguvu ya hewa, ukiacha upana ule ule moto unarudi nyuma. Nikamwambia ni sahihi kabisa.

Nilipoinuka kuaga akanisindikiza mpaka kituoni, akanishikia begi. Basi lilikuwa limekwisha kuwasha moto.

"Na mwenzangu hajambo huko Kanada?" akaniuliza.

Nikamwambia hajambo. Nikamwambia amenituma nimsalimie, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba ameniambia yote. Fundi akatazama gurudumu la basi kwa muda.

"Alikuwa na mkono mzuri wa mimea," akasema. Akanipandishia begi dirishani.